Maji ya Kijani Bondeni Nyamitaba

Mwezi uliopita, hapa Goma, nilikuwa nasugua kioo cha akwariamu katika ofisi ninakofanya usafi, akwariamu ya samaki wa baharini wanaoishi katika maji yaliyochanganywa chumvi, mara ikanijia harufu. Ninyi mliokulia karibu na maji yaliyosimama mnaijua: majani mabichi yaliyoanza kuoza, na udongo baridi chini yake. Kioo kilikuwa kimeota ute wa kijani, na juu ya matumbawe zilipepea nyuzi za kijani kama nywele. Papa Faustin, fundi anayekuja kuitunza akwariamu, alinitazama nikihangaika, akacheka.

"Mama, weye njo unawapa chakula?"

"Ndiyo, Papa, ni miye. Asubuhi na mangaribi. Nawaonea huruma."

"Huruma njo inaleta hii kijani. Chakula ikikuwa mingi, kijani inakula, inaongezeka. Kukiwa giza inamaliza hewa ya maji. Asubuhi unakuta samaki wamekufa."

Niliketi chini, kitambaa mkononi. Nina miaka thelathini na minne, na ndiyo kwanza nilikuwa naelewa nilichokifanya nikiwa na minane.

Kwetu ni Nyamitaba, kwenye vilima vya Masisi. Mwaka ule mdogo wangu Neema, mwenye miaka miwili na nusu, alivimba. Ilianza miguu, ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Kisha uso, kisha nywele zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi. Bwaki, walisema wanawake kwa sauti ya chini, ugonjwa wa mtoto asiyepata chakula cha kumjenga. Muuguzi alimwambia Mama mtoto ale mayai, maharage, samaki. Kuku wetu walikuwa wamekufa wote, na maharage Neema aliyatema. Basi Papa, baba yangu, akachukua jembe, akashuka bondeni, akachimba bwawa.

Samaki wachanga aliwatoa kijiji cha Ngungu, akawabeba kwa miguu ndani ya bidoni, dumu letu la maji, akibadilisha maji kila alipovuka kijito. Wengine walikuwa wadogo kuliko kidole changu. Mimi niliwapa majina wote, ingawa sikuweza kuwatofautisha, na kila asubuhi niliwaamkia. Mama alisema nawasalimia samaki kwa adabu zaidi kuliko ninavyomsalimia pasta wa kanisa. Neema, mgongoni kwangu, alinyoosha mkono wake uliovimba akisema, "Shamaki! Shamaki!"

Mwanzoni Papa alitia samadi kidogo ili maji yazae chakula. Maji yakawa ya kijani, kisha yakafunikwa na utando mzito kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala. Papa akanipa kitunga niwe nauopoa kila asubuhi kabla ya masomo.

"Mutoto wangu, maji ikikuwa hivi, usiweke mavi ya ngombe tena. Toa kwanza hii kijani."

Kuopoa nilitii. Lakini siku zilipita, samaki walikuwa wadogo vilevile, na Neema sasa hakuweza kushika shingo yake. Nikaanza kupitia zizini kwa jirani kila nilipotoka masomo. Nilijaza kitunga kilekile samadi, nikaimwaga mahali ambapo Papa hakuwa akisimama. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: samaki wale, wakue, Neema awale.

Jua likakaza, mvua ikakataa, kijito kinacholisha bwawa kikawa chembamba kama kamba. Asubuhi moja niliwakuta samaki wote juu ya maji, midomo wazi, kana kwamba wananiomba kitu. Nilipiga kelele. Papa alikuja mbio bila viatu, akaingia hadi kifuani, akayapiga maji kwa tawi ili yapate hewa. Jua lilipofika bondeni walikuwa wamelala ubavu, weupe juu ya kijani. Wote walienea katika kitunga kimoja.

Nilingoja aniulize. Aliyatazama maji muda mrefu, akaniambia tu, "Iko jua, mama," kana kwamba jua ndilo lililowaua. Siku ile nzima hakunitazama usoni.

Mama alipika mchuzi wa wale ambao hawajaharibika. Neema alikunywa vijiko viwili. Wiki iliyofuata akafariki, tukamzika kilimani, upande wa juu wa migomba. Papa alilifukia bwawa peke yake, akamkataza kila aliyetaka kumsaidia. Tangu hapo aliongea nami maneno machache, ya kazi tu. Nikakua nikiamini kwamba anajua. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kuja Goma sikugeuka nyuma.

Baada ya maneno ya Papa Faustin nilipanda Nyamitaba. Nilimkuta Papa mlangoni kwetu akichagua maharage kwenye ungo. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama.

"Papa, miye njo niliua samaki ya Neema. Nilikuwa naweka mavi ya ngombe kila siku nikitoka masomo."

Mkono wake ukasimama ndani ya maharage.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na miye nilikuwa naweka," akasema. "Kila mangaribi. Weye nilikukataza, lakini miye nikashindwa kujikataza. Mutoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu." Akausukuma ungo kando. "Nilizani ulinionaka. Kila nikikuangalia, nilikuwa naona unajua."

Nikaketi karibu naye. Ukimya niliouchukua kuwa hukumu ulikuwa wa mtu aliyekuwa akimwogopa mtoto wa miaka minane. Na leo najua jambo jingine, ambalo nadhani yeye alilijua tangu jembe la kwanza: samaki wale wasingewahi kukua kwa wakati. Alichimba tu, kwa sababu jembe ndilo alilokuwa nalo.

Baadaye aliniuliza kama bado naukumbuka uso wa Neema, maana yeye umemtoka akilini. Nikamwambia naukumbuka vizuri sana.

Haikuwa kweli.