Mtamba Aliyefichwa Bukima

Juzi, kwenye ofisi ya mifugo hapa Butiama, bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alishika meza ya afisa kwa mikono miwili. Redio ilikuwa imesema deni la taifa ni la kila Mtanzania. Huku kwetu mtu wa ukoo akidaiwa mahari, ng'ombe wanaweza kutoka zizi lolote la ukoo, naye akaelewa kwamba serikali itamchukua ng'ombe wake vivyo hivyo.

“Mjukuu wangu, nina mtamba mmoja tu, ndiyo ada ya mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemficha kwa shemeji, Bukima. Mtamfuata lini?”

“Hatuchukui ng'ombe, bibi. Deni unalilipaga kila ukinunua sukari. Kodi imo humo humo.”

“Kumbe nalipaga?” Mikono ikalegea kidogo. “Sasa limebaki dogo?”

Afisa alitazama dirishani. “Linaongezeka, bibi.”

Bibi alijifunga kanga upya, taratibu. “Basi mtamba abaki Bukima.”

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na watoto niliwaambia kwamba ukilipa, deni hupungua. Jioni hiyo nilifunga zizi langu mapema kuliko kawaida.