Jogoo Asiye na Upanga

Katika kichochoro cha mafundi wa mbao, nyuma ya soko kuu la Isfahani, kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu cha mti ambacho Fundi Nosrat Golestaneh alikuwa hajakilamba, na mwenyewe hakukijua. Alikwisha kulamba kizingiti cha mwoka mikate, mkono wa kiti cha kinyozi, na bakora ya Haji Ghaffari, ambayo mwenyewe aliiacha mlangoni mwa msikiti pamoja na viatu vyake akiamini kwamba mahali pale ni pa amani. Haji alipotoka aliikuta imelowa kishikioni. Akatazama juu kutafuta wingu, na kwa kuwa hapakuwa na wingu, akaelewa.

Wala fundi hakuwa na kichaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha kwa vipande vya mbao, akivikata kwa msumeno wenye wembe mwembamba kama uzi, akavibandika ubavu kwa ubavu juu ya ubao, kisha akavipaka vanishi. Sharti la kazi hiyo, kama alivyolipokea kwa marehemu mwalimu wake, ni kwamba rangi haipakwi wala haipikwi, bali hutafutwa. Weusi hutoka katika mpingo, manjano katika mchungwa, hudhurungi katika mjozi. Lakini mbao kavu huficha rangi yake. Zote hufanana na vumbi mpaka zilowe. Maji ya bakuli huzidi, yakakipinda kipande. Ulimi ndio hutia unyevu wa kadiri, na rangi hujitokeza kwa muda ule ule wa kuitazama.

Kwa njia hiyo Fundi Nosrat alikuwa amemtengeneza jogoo. Mkia wake ulikuwa wa mpingo na mjozi, kifua cha mchungwa, na miguu ya mzizi wa mzereshki, ambao ni wa manjano kuliko kiini cha yai. Alipungukiwa na kitu kimoja tu, upanga, yaani ile nyama nyekundu yenye meno isimamayo juu ya kichwa cha jogoo. Wekundu wa kweli haupatikani ila katika moyo wa mkunazi wa zamani sana, na mikunazi yote iliyomfikia kutoka Khorasani ilipolambwa ilitoa rangi ya chai. Kwa miaka tisa jogoo alikaa ukutani kichwa kitupu, na watu wote wa kichochoro wakamwita kuku.

"Kuku wako hajambo, Fundi?" Fundi Bahador, jirani wa mkabala, alikuwa akimwuliza kila asubuhi. Huyo alikuwa akipika mbao zake ndani ya sufuria ya rangi, na hakuona haya.

"Ni jogoo."

"Ametaga?"

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho wa maisha yake kama Fundi Nosrat asingempenda mtu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mjane wa miaka sita, na chakula chake cha jioni kilikuwa mayai, isipokuwa siku ambazo mayai yalimshinda kupika. Kila alfajiri, katika foleni ya mkate, alimwona Mwalimu Turan, mjane naye, aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Asubuhi moja Mwalimu alimrekebisha mwoka mikate chenji ya watu wanne waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine, bila kupandisha sauti. Fundi Nosrat alirudi nyumbani bila mkate, kwa kuwa alisahau kilichompeleka.

Akamwendea dada yake Eshrat, aliyemzidi miaka saba, amsindikize kwenda kuposa. Dada Eshrat hakuwa na haraka ya kukubali. Miaka miwili nyuma alikwisha kumpeleka kwa mjane mwingine, na yule mama alipotoka jikoni na sinia la chai alimkuta mposaji amesimama juu ya kiti, akiilamba fremu ya picha ya marehemu mumewe.

"Ilikuwa ya mpea," Fundi Nosrat alijitetea hata sasa.

"Iwe ya mpea, iwe ya dhahabu. Yule mama mpaka leo akiniona sokoni anavuka barabara. Niapie."

"Nakuapia, dada. Nyumbani kwa Mwalimu sitalamba kitu."

"Kwa roho ya mama."

"Kwa roho ya mama."

"Na ukae na kipande cha sukari kati ya meno muda wote. Ulimi ukiwa na kazi hautatafuta nyingine."

Walikwenda siku ya Ijumaa, wamebeba maua na boksi la peremende za gazi. Mwalimu Turan aliwapokea kwa heshima, akawakalisha, akaleta chai. Dada Eshrat alieleza ubora wa ndugu yake: havuti sigara, hana deni, magoti yake ni mazima. Fundi Nosrat aliuma sukari, akanywa chai ili kuiyeyusha, akauma nyingine. Mambo yalikwenda vizuri mno, mpaka alipoinua macho akaona kupitia mlango wa jiko.

Juu ya kaunta kulikuwa na mchi wa kupondea nyama. Ulikuwa mwekundu tangu kichwa hata nusu ya mpini, wekundu ule ule aliouota kwa miaka tisa.

"Na wewe Fundi, unapenda nini zaidi?" Mwalimu alimwuliza.

"Chai," alijibu Fundi Nosrat, na kusogeza kikombe.

Alikunywa vikombe kumi na kimoja. Kila hamu ilipompanda aliizamisha kwa chai, na Dada Eshrat, aliyedhani ni woga wa mapenzi, alimsukumia bakuli la sukari kwa huruma. Ila chai ina haki zake. Baada ya kikombe cha kumi na kimoja Fundi Nosrat aliomba kuonyeshwa choo, na ili kufika chooni ilibidi kupita jikoni.

Alipita mara ya kwanza akiwa amefumba macho. Aliporudi alifumba jicho moja. Alisimama, akajiambia kwamba kuugusa si kuulamba. Akaugusa. Akajiambia kwamba kuunusa si kuulamba. Yaliyofuata hakujiambia neno lolote kuyahusu.

"Fundi," ilisema sauti ya Mwalimu Turan nyuma yake, "choo ni mlango wa pili."

"Nimetoka huko, Mwalimu."

"Na huo ni mchi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Una ladha gani?"

Fundi Nosrat hakuwahi kumdanganya mwalimu yeyote maishani. "Kondoo," alisema. "Dengu, manjano, nyanya. Na ndimu kavu, nadhani nyingi."

"Mbili tu."

"Basi zilikuwa kubwa."

Hapo ndipo alipoukwaruza mchi kwa ukucha, maana aliona aibu imekwisha kuingia nyumbani na hakuna sababu ya kutoka mikono mitupu. Chini ya ule wekundu palikuwa na mti mweupe, mti wa sokoni usio na jina. Wekundu wote ulikuwa wa supu ya abgusht ya miaka mingi. Alikuwa amevunja kiapo cha roho ya mama yake kwa ajili ya mchuzi.

Alimweleza Mwalimu habari yote, mchi ungali mkononi: sharti la rangi, mwalimu wake, jogoo, miaka tisa. Mwalimu Turan alisikiliza kama asikilizaye mwanafunzi aliyepata jibu lisilo sahihi kwa njia iliyo sahihi. Waliporudi sebuleni Dada Eshrat aliinua uso.

"Nosrat, una nini kidevuni?"

"Manjano," alijibu Mwalimu Turan kwa niaba yake.

Dada Eshrat aliweka kikombe chini, akaanza kutafuta mkoba wake bila kumtazama mtu. "Mwalimu, utusamehe. Alizaliwa wakati wa baridi kali, mama hakupata mkunga mzuri."

"Kaa, dada yangu. Jibu langu sijalitoa." Mwalimu alimmiminia chai. "Nitakuja karakana siku ya Jumatano nimwone huyo jogoo. Mwanamume aliyekaa miaka tisa na kazi nusu, nataka kujua ni kwa sababu ana msimamo au ni mvivu. Ukiwatazama kwa nje hawatofautiani. Mvivu simtaki."

Kuanzia jioni ile Fundi Nosrat alifungua makabati yote. Alilamba mabaki ya miaka ishirini. Alilamba mzaituni, mforsadi, na kipande kimoja kilichokuwa gundi iliyokauka. Siku ya Jumanne adhuhuri Fundi Bahador alivuka kichochoro, akaweka juu ya meza kibao chekundu kama damu.

"Chukua. Kimetoka sufuriani asubuhi hii."

"Sitaki rangi ya kupika."

"Kwani huyo mwalimu atamchinja aangalie? Kibandike, piga vanishi, kesho unaoa. Nani atajua?"

Fundi Bahador aliondoka, kibao kikabaki. Fundi Nosrat alikitazama mpaka jua likahama dirisha moja likaenda la pili. Alikiweka juu ya kichwa cha jogoo, kikakaa vizuri kupita kiasi. Alikwisha kufungua kopo la gundi alipotaka kujua, kwa mazoea tu, kitakuwaje chini ya vanishi. Akakilamba. Ladha yake ilikuwa ya chuma na siki. Alitema mate, akalifunga kopo la gundi, akakirusha kibao kile ng'ambo ya kichochoro, kikaingia ndani ya sufuria kilikotoka.

Asubuhi ya Jumatano Mwalimu Turan aliingia karakana, Dada Eshrat nyuma yake akitembea kama mtu anayesindikiza jeneza. Fundi Bahador alitoa kiti chake nje ili asipitwe na jambo.

"Karibu, Mwalimu," alisema Fundi Nosrat.

Mwalimu alimtazama midomo. "Toa ulimi."

Akautoa. Ulikuwa mwekundu mpaka kooni.

"Hiyo ni rangi ya kupika," alisema Mwalimu.

"Niliilamba, Mwalimu. Sikuitia."

Mwalimu alimgeukia jogoo, akavaa miwani, akakisogelea kichwa kile kitupu na kukipitishia kidole. Hapakuwa na gundi. Akahesabu manyoya ya mkia, moja moja.

"Si mvivu," alisema mwishowe, akimwambia Dada Eshrat. "Lakini siingii nyumba ambayo bwana yuko mezani na akili iko kwa kuku."

"Jogoo," alisema Fundi Nosrat kwa sauti ndogo.

"Bado. Tulitafute jibu kwa kuondoa. Usinitajie ulivyolamba, hatutamaliza leo. Nitajie ambavyo hujalamba humu ndani."

Fundi Nosrat alizungusha macho. "Jiko la mkaa. Kopo la gundi." Alifikiri. "Dada Eshrat."

"Cha mti."

"Cha mti hakuna."

"Na hicho ulichoshika?"

Alikuwa ameshika msumeno wake, kama alivyoushika kila siku kwa miaka thelathini na minane, tangu marehemu mwalimu wake alipomrithisha. Mpini ulikuwa mweusi kwa jasho, gundi na vumbi.

"Huu, Mwalimu? Huu ni uchafu wa mkono wangu mwenyewe. Mtu hawezi kujilamba."

Mwalimu Turan aliuchukua, akachagua kisu mezani, akakwangua mahali padogo kama ukucha. Chini ya weusi palikuwa na mti mkavu wa rangi ya vumbi, kama mti mwingine wowote. Akamrudishia.

"Lamba."

"Niliapa, Mwalimu."

"Uliapa kuhusu nyumbani kwangu. Hapa ni kwako."

Dada Eshrat alifunika macho kwa mtandio. Fundi Nosrat akalamba. Pale palipokwanguliwa wekundu ulipanda polepole, wekundu wa upanga wa jogoo aliyeamka na hasira, nao ulikuwa moyo wa mkunazi uliokatwa kabla babu yake hajaoa. Fundi aliketi juu ya rundo la mabaki. Kwa miaka tisa alikuwa akiutafuta wekundu huku ameushika mkononi, na vipande vyote vya jogoo yule alikuwa amevikata kwa huo huo.

Alinyanyuka kwa furaha, akaufunga mpini katika jiliwa, akanyoosha mkono kuchukua msumeno. Ndipo alipong'amua kwamba msumeno ndio uliokuwa ndani ya jiliwa.

"Unawaza nini?" aliuliza Mwalimu.

"Ili niukate mpini nahitaji msumeno. Na msumeno ni huu, wenye mpini."

"Fundi Bahador anao," alisema Mwalimu.

"Ninao," alisema Fundi Bahador, ambaye kiti chake kilikuwa kimekwisha kuvuka kichochoro bila mtu kukiona. "Ila na mimi nina sharti. Aseme mbele ya mashahidi kwamba jogoo wake amekatwa kwa msumeno wa mpika rangi."

Fundi Nosrat alimeza mate, ambayo yalikuwa mekundu. Akasema.

Kabla ya adhuhuri upanga ulikuwa umekaa mahali pake, umepakwa vanishi, na kichochoro kizima kilikuwa kimesongamana mlangoni. Mwalimu Turan aliinama karibu.

"Meno matano. Jogoo wa mama yangu alikuwa na sita."

"Mti umebaki, Mwalimu."

"Basi ongeza. Mimi nitazungumza na dada yako habari ya mahari. Huyu jogoo awe wa kwanza katika orodha."

Akidi ilifungwa kabla ya mwaka mpya wa Nairuzi, katika ofisi ya msajili wa ndoa. Wanawake walitandaza kitambaa juu ya vichwa vya wawili hao, na Dada Eshrat akasugua mabonge ya sukari juu yake, kama ipasavyo, ili maisha yao yawe matamu. Msajili alimwuliza bibi harusi kama amekubali. Wanawake wakajibu, kama ilivyo desturi, kwamba amekwenda kuchuma maua. Alipouliza tena wakajibu kwamba amekwenda kuleta maji ya waridi. Alipouliza mara ya tatu Mwalimu Turan alijibu kwa sauti iliyofika nyuma ya darasa kwamba amekubali.

Bwana harusi hakuonekana kusikia. Macho yake yalikuwa juu ya meza ya msajili, ambayo pembe yake moja, mahali mikono ya watu ilipokuwa ikiegemea, ilikuwa na rangi fulani ya kijani asiyopata kuiona. Shingo yake ilikuwa imeanza kurefuka.

Dada Eshrat alivunja kipande kikubwa katika bonge la sukari, akapitisha mkono chini ya kitambaa, akamtia mdomoni.