Siku Niliyomshitaki Adela

Harufu ya mubirizi, yale majani machungu ya dawa, yakipashwa moto hadi leo hunifanya nikunje uso. Si kwa uchungu wake, jamani, ni kwa wivu. Nilikuwa na miaka minane, kwetu Rugera, mwaka ambao dada yangu Adela alianguka na baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi. Mfupa wa mkono uliunga, lakini kiganja kikabaki kinaning'inia, hata ukikifinya hakisikii. Mganga wa zahanati alisema mshipa wa fahamu umeumia, tusubiri. Bibi akasema tusubiri huku tunakanda.

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma kahawa, mama alimkalisha Adela jikoni, akamkanda kwa majani yale ya moto na samli. Kisha akampapasa vidole kwa majani ya kuwasha, yale ambayo sisi wengine tukiyagusa tunaruka.

"Fumba macho, mwanangu. Nimegusa wapi?"

Adela hakujua. Mama akambembeleza, akampa konzi nzima ya senene wakavu, wale panzi watamu. Mimi nikapewa ndoo nikateke maji.

"Mama, na mimi mkono umekufa ganzi," nilijaribu siku moja.

Bibi akanipitishia jani moja tu la kuwasha. Niliruka mpaka mlangoni.

"Huyu mzima, waitu, jamani!" akacheka. "Mpeni ndoo yake."

Tangu hapo niliamini Adela anaigiza. Mchana mmoja, amelala mkekani, nilichuma jani kwa kulishika na kitambaa, nikamsugua kidole cha mwisho cha mkono ule mgonjwa. Akapiga yowe! Mimi huyo, mbio mpaka kwenye mibuni.

"Mama! Adela anakudanganya! Anasikia!"

Kikapu kikamponyoka, kahawa mbivu ikatawanyika. "Umesemaje?"

"Nimemwasha, akalia. Mchape!"

Akakimbilia nyumbani, nami nikamfuata nikiwa na hamu kubwa ya kuona fimbo. Nikamkuta amepiga magoti, amekishika kile kidole kilichojaa vipele, anacheka na machozi yanamtoka. Akanivuta na mimi kifuani. Nilikasirika kweli kweli.

Siku hizi Adela anasuka mikeka. Kama ni majani au ni siku tu, sijui. Ila nimekuja kuelewa ukubwani kwamba asubuhi zote zile nilizomwonea wivu, mama alikuwa akiomba kitu kimoja: mtoto wake alie. Mimi aliniacha na ndoo yangu kwa sababu kilio changu alikuwa nacho tayari.