Siku Wigi Langu Lilipoitisha Mitumbwi ya Ujiji

Jamani, hili nalisema kwa sababu mmenibana, na kwa sababu hata nikinyamaza haisaidii kitu: shuka mwaloni Ujiji, kule mitumbwi inakoshusha samaki, taja shule yetu, utaona mtu anaacha kupara samaki akuulize, "Yule Mwalimu Nywele bado yupo?" Yupo. Ndiye mimi, na aibu yangu ninayo hapa hapa, haijapungua hata chembe.

Mimi ni mtu wa Kongwa, kwetu maji tunayajua kwenye ndoo, ajira ndiyo iliyonileta Kigoma kufundisha Sayansi darasa la tano, na nilifika mahali nikachoka kuwachorea samaki ubaoni watoto ambao mama zao wanauza samaki (na mchoro wenyewe ulifanana na kandambili). Nikamwomba Mwalimu Mkuu niwapeleke ziwani wakaone viumbe wenyewe. Hakuna aliyewahi kumwomba jambo hilo.

"Nenda, Mwalimu," akasema. "Lakini ukinirudishia watoto pungufu hata mmoja, ziwa tutalisoma kitabuni mpaka nistaafu."

Sasa, jana yake nilikuwa nimefumua nywele na msusi akanikwepa, kwa hiyo asubuhi kichwa kilikuwa kimesimama kama kimeshtuka. Kilemba kingetosha kabisa, ila nilikusudia kupiga picha za kutuma kwenye kundi la wazazi, nikajiambia mwalimu wa Sayansi apendeze, nikachukua wigi langu la harusini, lile la kufika mabegani, nikalivaa bila kulibana kwa vibanio (vinaniumiza, na nani atakuja kulivuta?). Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalizaliwa hapo.

Tukatembea kutoka shuleni Katubuka hadi upande wa mawe, mbali kidogo na mwalo. Sheria ilikuwa moja: hakuna mguu kuingia majini. Watoto wakalala kifudifudi juu ya jiwe pana, vichwa ukingoni, na kelele zote za njiani zikakatika. Asubuhi ile upepo ulikuwa haujaamka. Tuliona jiwe lililo chini kabisa, tukaona na kivuli chake, na juu ya kivuli samaki wanapita, wenye mistari, wa njano, wa bluu kama moto wa jiko la gesi, kila mmoja na shughuli yake, hakuna anayetujali. Mimi mwenyewe nilisahau kufundisha.

Ndipo Rehema, binti ambaye darasani hunyoosha kidole mara moja kwa muhula, akaita kwa sauti ndogo: "Madam, njoo. Yule anatapika watoto."

Nikaenda. Alikuwa ngege jike, samaki wa jamii ya perege, amesimama kwenye mwanya wa mawe, na kinywani mwake wanatoka watoto, wadogo kama punje za mchele zenye macho, wakatandaa mbele ya uso wake kama vumbi linaloishi. Jambo hilo nimelifundisha tangu nitoke chuo. Sikuwahi kuliona. Nililala pale pale na sketi yangu ya kazini, nikainama, nikainama tena kidogo, na wigi likasema chubwi.

"Kichwa cha Madam!" akapiga kelele mmoja.

"Kichwa kimeanguka!" wakaitikia wengine, na wakaanza kucheka ile ya kushika mbavu.

Hapo ningecheka nao yangeisha. Lakini mimi nikasema "Kimya!" kwa sauti ya mtihani, nikajitanda haraka mtandio uliokuwa mabegani, nikaokota tawi kavu nilivute lile dude kimyakimya kana kwamba ni takataka za ziwa, na kila nilipolivuta nililisukuma mbali zaidi, mpaka likafika penye kina, upepo nao ukachagua saa hiyo kuamka, nywele zikatandaa juu ya maji, likawa linazama kidogo na kuibuka, linazama na kuibuka, kwa kweli kama mtu.

Mama mmoja aliyekuwa akifua upande wa pili akasimama. "Yewe! Kuna kichwa majini! Watoto wa shule!"

Habari ikakimbia ufukweni kuliko miguu. Hapo kwenye mawe ilikuwa kichwa, mbele kidogo ikawa mtoto amezama, na ilipofika mwaloni (niliambiwa baadaye) walikuwa wamezama wawili na mwalimu amewafuata. Nikasikia injini za mitumbwi zikiwashwa. Nikapanga watoto mstari haraka ili watu wakifika waone wote wapo, nikahesabu, nikarudia. Rehema hayupo.

Nililijua lile wigi, nimelinunua mwenyewe, nimelichana mwenyewe, lakini nawaapia, nililitazama kule majini nikaona kichwa cha mtoto. Nikaita "Rehema!" nikakimbilia ukingoni.

Mtumbwi wa kwanza ukafika, na mvuvi mtu mzima, Mzee Hamimu, akajirusha na nguo zake na kofia yake. Akaibuka amelishika kwa mikono miwili, kaugeuza uso pembeni asione, midomo inasoma dua. Kisha akasita. Akalipima uzito.

"Mbona halina mtu?" akauliza.

Watu wa ufukweni wakasogea kulitazama.

"Ni langu, Mzee," nikasema. "Shikamoo." (Msiniulize kwa nini nilimwamkia.)

Akanitazama, na mtandio nao ulikuwa umeshaanguka, kila mtu akaona nilichokuwa nakificha. Hakucheka. "Marahaba. Na mtoto yuko wapi?"

Kabla sijajibu, mama yake Rehema alishafika, muuza samaki wa mwaloni, miguu mitupu, beseni amelitupa huko nyuma. "Mwana wanje! Rehema, mwana wanje!" Mwanawe hamwoni mstarini, anamlilia kwa Kiha, anaelekea majini na kanga zake, watu wanamshika, anawaburuta.

Na nyuma ya jiwe kubwa ikatoka sauti: "Mama, usikanyage huko. Unawatisha."

Alikuwa kifudifudi vilevile. Ngege alihama upande wa pili wa jiwe, naye akamfuata kwa kutambaa, hakusikia kichwa wala injini. Mama yake akamwangukia, akamchapa kofi moja la mgongoni, akamkumbatia hadi mtoto akakosa pumzi, na Rehema kwenye kwapa la mama bado ananyoosha kidole.

"Mama, tazama."

Mngurumo wa injini ulikuwa umewafikia samaki. Yule ngege aliinamisha kichwa, akafungua kinywa, na vile vitoto vikakimbilia ndani vyote kwa pamoja, kama watu wanaokimbia mvua kwenye mlango mmoja. Akafunga. Kimoja kikabaki nje kinahangaika. Akageuka, akakifuata, akakichukua. Nyuma yangu nilisikia Mzee Hamimu, anachuruzika maji, wigi mkononi, akisema taratibu, "Subhanallah."

"Tunakuta mayai humo kinywani tukiwapasua," akasema mama Rehema, bado amemshika binti yake mkono. "Tunayatupa na matumbo. Akiwa hai sijamwona hivi." Akajifuta uso kwa kanga. "Mwalimu, mimi ningekuwa na kinywa kama hiki cha ngege, huyu mtoto asingefika kwako hata siku moja."

Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Tukakaa tumeinama, watu wa mwaloni, watoto, mimi na kichwa changu kilichosimama, na baada ya muda ngege akafungua kinywa, wakatoka tena. Mama Rehema aliwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akauachia mkono wa binti yake.

Mwalimu Mkuu alifika kwa bodaboda, shati limechomoka, akahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Nilimweleza yote mbele ya watu, na nilipofika kwenye tawi kavu wakacheka hadi yeye. Ni mama Rehema aliyeniokoa. "Wasizuiwe, Mkuu. Ila wakija tena, na sisi wazazi tuje." Akakubali, na hivyo ndivyo tunavyokwenda hadi leo.

Mimi nilichojifunza ni hiki, na nimekiapia: aibu yangu nitaitangaza mwenyewe, papo hapo na kwa sauti, ikiwa bado ndogo. Ukiificha ufukweni, wenzako wataitangaza kwa injini.