Sare Niliyoiandika Mwenyewe

Leo kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huku ughaibuni, Coon Rapids, nilimpaka mzee mmoja dawa ya kuchua magotini, na harufu yake kali ikanirudisha kando ya kitanda cha baba.

Baba alikuwa na daftari la kumfuatilia kocha wa timu ya taifa. Kila mechi ya kocha huyo iliandikwa humo: ushindi, sare au kufungwa. Ugonjwa ulipomlegeza mikono, mwandishi nikawa mimi.

Jumamosi moja alinituma kwa jirani nikasikilize redio. Tulifungwa, na mtangazaji akasema kibarua cha kocha sasa kimeota nyasi. Nilirudi nyumbani polepole.

“Imekuwaje, mama?” baba aliniuliza.

“Sare, baba.”

“Na kocha?”

“Bado yupo.”

“Haya, andika. Andika vizuri.”

Niliandika sare, naye akatabasamu na kufumba macho.

Jumatatu alifariki. Siku ya maziko, mama alimwekea daftari lile kifuani, ndani ya jeneza. Nilifungua mdomo niseme, lakini fundi alikuwa ameshaanza kupigilia misumari.