Rafu ya Sebule ya Duara

Baba yangu hapendi kufanana na watu. Newala nzima wanajenga vyumba vya pembe nne, yeye akajenga sebule ya duara. Ilipokwisha ndipo akagundua kwamba hakuna kabati linalokubali kuegemea ukuta wake. Akanigeukia mimi, niliyejifunza useremala mwaka mmoja tu kwa mjomba wangu aliyeko Masasi.

"Tengeneza rafu ifuate ukuta," alisema. "Ikikataa, randa aliyokuazima unamrudishia mjomba wako, wewe unakwenda Mnyambe kupalilia mikorosho."

Mimi si msemaji. Nikaitikia, nikampigia mjomba simu.

"Shikamoo, Mjomba. Ubao unapindwaje?"

"Marahaba. Loweka siku tatu, halafu ubane kwenye vigingi mpaka ukauke. Mbona rahisi!"

Rahisi sana. Mjomba anafungua bomba. Sisi huku juu tunakunywa maji ya mvua tuliyoyahifadhi kwenye kisima cha saruji uani, na yakiisha tunayafuata bondeni. Pipa la kuingia mbao ndefu hatukuwa nalo. Nikatumia akili zangu zote: kisima ni kirefu, kina maji, na kina mfuniko wa kuficha mambo. Nikatumbukiza mbao tatu za mninga.

Siku ya pili mama akachota maji ya chai. Yalitoka mekundu.

"Hongera, fundi," aliniambia. "Majani ya chai hatununui tena."

Baba akaonja, akatema. "Zitoe!"

"Bado siku moja, Baba," nilisema, nikitazama miguu yangu. Sikuwahi kumbishia kabla ya hapo.

Akamwaga kikombe. "Haya. Lakini rafu isipokaa, hizo mbao utazitafuna."

Ubao mmoja ulipasuka kwenye vigingi. Mbili zikakubali kupinda. Siku ya kuipigilia rafu ukutani, baba alipitisha kidole nyuma yake taratibu, kama mtu aliyepoteza kitu. Karibu na mlango kidole kikazama kwenye mwanya.

Nikaiona mikorosho.

"Hapa," alisema hatimaye, "aliyejenga ukuta ndiye aliyekosea." Ukuta aliujenga yeye. "Randa kaa nayo. Maji ya kisima utayarudisha."

Basi nimebaki seremala. Kila asubuhi nasukuma baiskeli yenye madumu manne kupanda kutoka bondeni, na nikishayamimina maji kisimani, huwa naranda kidogo.