Tarehe Kwenye Dikrii

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kufundisha. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na shida nyumbani. Nilichoshwa na maandishi ya watoto wa watu. Vyuo vilikuwa vimeanza kuchipuka kila mji, na Moshi nasi tukapata chetu kidogo, cha vyumba vitano vya kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilikuwa wakili mwenye ofisi ya kawaida tu mjini. Niliombwa nifundishe uandishi wa kisheria na uendeshaji wa rufaa, alasiri tatu kwa wiki, nikakubali kabla sijajua ninakubali nini.

Wanafunzi wangu hawakuwa wajinga. Tatizo ni kwamba waliandika kama watu wanaotoa hotuba msibani. Mtu anaanza kwa kumshukuru Jaji, anamshukuru tena, anaeleza mrufani alizaliwa wapi na alisoma na nani, na ukifika ukurasa wa nne bado hujajua mahakama ya chini ilikosea wapi. Nilikuwa nasahihisha nyumbani Shirimatunda, na pembeni mwa kila ukurasa naandika yale yale: Kosa ni lipi? Kosa ni lipi? Kuna mmoja aliniletea sababu za rufaa ishirini na mbili. Nikamwuliza ni ipi anayoiamini yeye mwenyewe. Akafikiri sana, akasema, "Ya tisa, mwalimu."

Na kila muhula, wiki ya pili, niliwaimbia wimbo ule ule. Ukikata rufaa, usianze na hoja, anza na karatasi. Lazima uambatanishe dikrii, ile karatasi inayosema kwa kifupi mahakama imeamuru nini, na tarehe yake iwe ya siku ile ile hukumu iliposomwa. Makarani wengine wana mazoea ya kuweka tarehe ya siku walipoipiga chapa. Usipoliona hilo, rufaa yako inafutwa kabla hujafungua mdomo, hata kama haki yote iko upande wako. Wengine waliandika, wengine walisinzia.

Muhula huo mwanafunzi mmoja, dada mtu mzima aliyeacha ualimu wa shule ya msingi ili asome sheria, alinifuata baada ya kipindi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kesi ya mama yake. Mama huyo alikuwa mjane wa Uru, akiishi kwenye kihamba cha marehemu mumewe, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Shemeji yake alikuwa amemshtaki, akidai kihamba ni cha ukoo na mjane hana chake pale. Alishinda. Mama akaamriwa ahame.

"Tusaidie rufaa, mwalimu," aliniambia. "Mama akitoka pale hana pa kwenda. Mimi mwenyewe nimepanga chumba kimoja Pasua."

Nilikubali, na niseme ukweli, haikuwa kwa huruma tu. Niliona pale kuna somo zuri. Kwa ridhaa ya mama nikaileta kesi darasani, na kwa wiki sita tukaiandika pamoja. Walianza na sababu kumi na nne, nikawakatalia mpaka zikabaki mbili. Mume alimkabidhi mkewe kihamba mbele ya ukoo akiwa hai, wazee wawili walilisema hilo mahakamani, na hakimu hakuwataja kwenye hukumu hata kwa neno moja. Safari hii hakuna aliyehitaji kuulizwa kosa ni lipi. Tuliisahihisha hati ile mara tisa. Uchovu ulinitoka, nikajikuta napanda ngazi za chuo huku napiga mluzi.

Dikrii niliichukua mwenyewe kwa karani wa mahakama ya chini, nikaibana kwa pini nyuma ya hukumu. Sikuisoma. Kwangu siku zile ilikuwa karatasi ya karani, na mimi nilikuwa nimejaa hoja.

Siku ya kusikilizwa, darasa zima lilijaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mama alikuja amejifunga kitenge kipya, rozari mkononi. Wakili wa shemeji alikuwa kijana niliyemfundisha kazi ofisini kwangu miaka ya nyuma. Alisimama, akaniinamia kidogo, akasema ana pingamizi la awali.

"Mheshimiwa Jaji, hukumu ilisomwa Jumatatu. Dikrii ina tarehe ya Alhamisi ya wiki iliyofuata."

Basi, ndiyo hayo tu. Nilifunua ukurasa kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukipata, na nikakipata. Aliyemfundisha kijana yule kuangalia tarehe kabla ya kitu kingine chochote ni mimi.

"Wakili, una la kusema?" Jaji aliniuliza, tena kwa upole.

"Sina, Mheshimiwa."

Rufaa ikafutwa. Hata robo saa haikufika. Tulipokuwa tunatoka, nilimsikia mama akimwuliza binti yake kwa Kichagga kama wataanza baada ya chakula cha mchana. Alidhani kesi bado.

Nje, mwanafunzi mmoja alinisogelea kunifariji. "Lakini hoja zetu zilikuwa nzuri, mwalimu." Nilitamani kumzaba kofi. Kisha nikatamani kujizaba mwenyewe.

Sheria ina njia, nami niliitafuta usiku na mchana. Unaomba dikrii irekebishwe, unaomba uongezewe muda, unaanza upya. Ni mwaka mzima, pengine miwili. Shemeji hakuwa na sababu ya kungoja. Hukumu alikuwa nayo mkononi, na mama akapewa mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi nilipanda Uru na mwanafunzi wangu. Tulipokaribia kwao, nilisimama penye masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani mwa kihamba, nikachuma jani moja. Mimi ni Mchagga, najua ninachofanya. Aliyekosa akikujia na jani la isale, huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama moyo hautaki. Nilijua ninamlazimisha yule mama anisamehe. Nilikuwa nauhitaji msamaha ule kuliko nilivyokuwa na haki ya kuuomba.

Alikuwa jikoni. Akatoka akifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nilimpa jani kwa mikono miwili. Nilimwambia kosa si la Jaji, si la karani, wala si la yule kijana. Ni langu. Nilikuwa na karatasi mkononi na sikuisoma. Nikalia mbele ya mwanafunzi wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata nilipomzika baba yangu. Nikamweleza habari ya kuanza upya. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

Akaligeuza lile jani mkononi.

"Umelichuma wapi, baba?"

"Hapo chini, mpakani."

Aliutazama mpaka wake.

"Basi hili si langu," alisema. "Hili ni la shemeji."

Hata hivyo alilikubali.